Upasuaji wa taya: uso hubadilika kwa saa chache, nafsi huchukua miezi

Upasuaji wa kurekebisha taya ni tiba ambayo daktari bingwa hukata mfupa wa taya la juu, la chini au yote mawili, akausogeza hadi mahali ambapo meno hukutana sawasawa, kisha akaukaza kwa vibao na skrubu ndogo za titani. Kazi hiyo huchukua saa chache, na mara nyingi mfupa husogezwa milimita chache tu. Hata hivyo, mgonjwa aliyeingia katika chumba cha upasuaji akiwa na kidevu kilichochomoza mbele, au kilichorudi nyuma kikakaribia kupotea shingoni, hutoka na uso ambao hata mama yake mzazi huenda akautazama mara mbili kabla ya kuuzoea.

Kwa zaidi ya miaka 40 wanasaikolojia wamekuwa wakiwafuatilia wagonjwa wa aina hii. Walichokikuta kinafaa kujulikana na kila familia inayoifikiria tiba hiyo. Wagonjwa walio wengi huridhika na matokeo, lakini kuridhika kwao hakulingani na idadi ya milimita zilizosogezwa. Hutegemea zaidi sababu iliyompeleka mtu hospitalini, maelezo aliyopewa kabla ya kisu, na watu anaorudi kuishi nao.

Mataya yasiyolingana

Tatizo lenyewe kwa kawaida huanzia katika ukuaji. Taya moja hukua kuliko jingine, au upande mmoja wa uso huupita mwingine, na meno ya juu na ya chini hayakutani. Mtu mwenye hali hiyo anaweza kushindwa kukata mkate kwa meno ya mbele, akachoka kutafuna nyama, akatamka baadhi ya sauti kwa shida, au akakoroma na kukatika pumzi usingizini. Madaktari husubiri mpaka mifupa ya uso iache kukua, yaani umri wa miaka 16 hivi kwa wasichana na 18 au zaidi kwa wavulana. Maana yake ni kwamba mgonjwa hupitia miaka yote ya shule, ile ambayo watoto hupeana majina kwa kilema chochote wakionacho, akiwa na uso ule ule anaosubiri kutibiwa.

Katika historia, taya mashuhuri zaidi la aina hii ni la nasaba ya Habsburg, iliyotawala Austria na Hispania. Picha walizochorwa wafalme wake huonyesha kidevu kirefu kikirithiwa kizazi baada ya kizazi, na Charles wa Pili wa Hispania, aliyefariki mwaka 1700, alikuwa akitaabika kutafuna chakula. Mfalme, angalau, hakuzomewa njiani. Mwanafunzi wa darasa la sita hana kinga hiyo.

Operesheni ya kwanza ya taya inayotajwa katika vitabu vya tiba ilielezwa mwaka 1849 na Simon Hullihen wa mji wa Wheeling nchini Marekani. Mgonjwa wake alikuwa mwanamke kijana aliyeungua utotoni, na kovu la shingo na kifua likavuta taya la chini na kuliharibu umbo. Lakini tiba hii ilipata sura yake ya leo baada ya mwaka 1957, pale Hugo Obwegeser, daktari mzaliwa wa Austria aliyefanya kazi Graz na baadaye Zürich, alipochapisha pamoja na Richard Trauner njia ya kulipasua taya la chini kupitia ndani ya kinywa. Kovu la nje liliondoka. Kwa mfupa hilo ni jambo dogo. Kwa nafsi ni kubwa, kwa sababu mgonjwa hakulazimika tena kubadilisha alama moja ya usoni kwa nyingine.

Kilema kidogo, maumivu makubwa

Mtu angetarajia kwamba kadiri uso unavyoharibika ndivyo mwenyewe anavyoteseka. Utafiti haukuthibitisha hivyo. Frances Cooke Macgregor, mwanasosholojia wa Marekani aliyetoa kitabu chake cha kwanza kuhusu watu wenye kasoro za uso mwaka 1953, aliona kuwa wenye kasoro ndogo huweza kutaabika kuliko wenye kasoro kubwa. Aliyeharibika uso kabisa hujua watu watamtazama vipi, naye hujiandaa. Mwenye kidevu kilichopinda kidogo hajui. Leo atapita bila kuonekana. Kesho mtu asiyemjua atacheka katika basi. Kutojua huko ndiko kunakochosha.

Ndiyo maana madaktari waangalifu hawapimi shida ya mgonjwa kwa picha ya eksirei peke yake. Mwaka 2000 watafiti wa London, wakiongozwa na Susan Cunningham, walitoa dodoso la maswali 22 lililotungwa mahususi kwa wagonjwa wa taya. Linamuuliza mtu iwapo hufunika mdomo anapocheka, iwapo huchukia kupigwa picha, iwapo hukaa na wasiwasi anapokutana na wageni, na iwapo hupata taabu kuuma na kutafuna. Alama huanzia 0 hadi 88, na kadiri zinavyokuwa nyingi ndivyo maisha ya mgonjwa yalivyobanwa zaidi. Dodoso hilo limetafsiriwa na kutumiwa katika nchi nyingi. Faida yake kubwa ni kuwa hukumu hubaki kwa mwenye uso.

Kipindi cha kungoja

Wengi hudhani mateso huanza siku ya operesheni. Kwa kweli huanza mapema zaidi, na sehemu hii ndiyo isiyozungumzwa vya kutosha.

Kabla ya kukatwa mfupa, mgonjwa kwa kawaida hufungwa nyaya za kunyoosha meno kwa mwaka mmoja au mwaka na nusu. Sababu ni kwamba mwili wenyewe umekuwa ukijaribu kuficha kasoro: taya la chini linapotokeza, meno ya chini hulala kuelekea ndani na ya juu huelemea nje ili yakutane. Daktari wa meno huyarudisha wima, kila moja mahali pake juu ya mfupa wake. Matokeo ya muda ni kwamba kasoro iliyokuwa imefichwa nusu hujitokeza yote. Kidevu huonekana kirefu zaidi, kutafuna huwa kugumu zaidi, na mgonjwa aliyekwenda kutafuta nafuu hujikuta akiwa na sura mbaya kuliko aliyokuwa nayo siku alipojiandikisha. Asiyeonywa mapema huamini kwamba tiba imeshindwa. Wapo wanaojitenga, wakaacha kuhudhuria sherehe, au wakaahirisha hata harusi yao wenyewe.

Mwaka 2009 madaktari wa Sendai, nchini Japani, walieleza utaratibu wa kuugeuza mpango huo: kuanza na upasuaji, kisha kunyoosha meno. Haumfai kila mgonjwa, nao humtaka daktari awe na hesabu kali zaidi. Faida yake iliyo dhahiri ni ya moyoni. Mtu hapitii mwaka mzima wa kuharibika kabla ya kutengenezwa.

Wiki za mwanzo

Baada ya operesheni uso huvimba, na uvimbe huo hufikia kilele siku ya pili au ya tatu. Pua huziba, midomo hukauka, na mara nyingi mataya huvutwa pamoja kwa mipira midogo ili meno yakae katika mwelekeo mpya. Chakula huwa uji mwepesi, maziwa na mchuzi uliochujwa, kisha vyakula laini kwa wiki sita hivi. Mgonjwa hupungua uzito. Huzungumza kwa kunong'ona, au huandika kwenye karatasi na simu.

Katika siku hizo huzuni huja bila kubisha hodi. Madaktari wanaifahamu vyema: mgonjwa hulia bila sababu anayoweza kuitaja, hujuta, huwauliza wauguzi kama kosa lilifanyika. Sehemu ya hali hiyo hutokana na dawa, njaa na kukosa usingizi. Sehemu nyingine hutokana na kioo, kwa kuwa anachokiona humo si uso wa zamani wala si uso aliouahidiwa; ni uvimbe. Kwa walio wengi huzuni hiyo hupungua uvimbe unapoisha na chakula cha kawaida kinaporudi. Ikidumu wiki kadhaa, mgonjwa akakosa hamu ya jambo lolote au akasema maisha hayana maana, hapo si suala la kungoja tena. Ni dalili za sonona, nayo inahitaji tiba yake kama ambavyo jeraha linahitaji yake.

Ganzi nayo ina uzito wake. Neva inayohisi mdomo wa chini na kidevu hupita ndani ya mfupa wa taya la chini, karibu sana na mahali unapokatwa. Wagonjwa wengi waliopasuliwa taya hilo hupata ganzi kwa wiki au miezi, na baadhi hubaki nayo kwa kiasi fulani daima. Maneno hayo yakiandikwa kwenye fomu ya ridhaa huonekana mepesi. Katika maisha yana maana ya chai inayotiririka kidevuni mbele za wageni bila mwenyewe kuhisi, au busu lisilosikika. Aliyeelezwa hayo kwa lugha ya kawaida kabla ya kutia sahihi huyabeba kwa utulivu kuliko aliyeyagundua mwenyewe.

Mgeni ndani ya kioo

Uvimbe ukishaondoka linabaki jambo gumu kulieleza. Uso ni mzuri, daktari ameridhika, meno yanakutana, na bado mwenyewe hujiona kama anamtazama mtu mwingine.

Saikolojia ina maelezo yake. Mwaka 1977 watafiti watatu wa Marekani, Mita, Dermer na Knight, waliwaonyesha wanawake picha zao za kawaida na picha hizo hizo zikiwa zimegeuzwa kama zinavyoonekana katika kioo. Wenyewe walielekea kupenda ile ya kioo. Rafiki zao walielekea kupenda ile ya kawaida. Kila mmoja alipenda sura aliyoizoea. Ikiwa kugeuza tu upande wa kushoto kuwa wa kulia hutosha kumfanya mtu asiupende uso wake kikamilifu, si ajabu kwamba kubadilisha mfupa wenyewe humtikisa. Maxwell Maltz, daktari wa upasuaji wa New York, aliandika katika kitabu chake cha mwaka 1960 kwamba wagonjwa wake walihitaji angalau siku 21 hivi kuzoea uso mpya. Namba hiyo baadaye ilichukuliwa na waandishi wengine wakaitangaza kuwa muda wa kujenga mazoea yoyote yale, jambo ambalo Maltz hakulithibitisha. Kwa wagonjwa wa taya hata muda huo ni mfupi, kwani katika siku 21 uvimbe wenyewe haujamalizika.

Lipo jingine ambalo katika jamii za Afrika Mashariki lina nguvu ya pekee. Taya hurithiwa. Mtoto huambiwa tangu alipozaliwa kwamba kidevu hicho ni cha babu yake, kwamba akicheka ni shangazi mtupu. Anayekirekebisha hufuta, bila kukusudia, mhuri wa ukoo. Wazee wanaweza kunyamaza, na kimya chao kikasikika kama lawama. Ndugu aliyebaki na kidevu kile kile naye hujiuliza maswali, hata kama hatayasema.

Sifa pia huumiza wakati mwingine. Mtu huambiwa, "Sasa umependeza!" naye husikia upande wa pili wa sentensi hiyo: kwamba miaka yote iliyopita alikuwa akionekana mbaya na watu walijua. Wengine hukasirikia heshima mpya wanayopewa kazini au dukani, maana inathibitisha kwamba walinyimwa haki yao kwa sababu ya mfupa.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington mjini Seattle, akiwamo Asuman Kiyak, waliwafuatilia wagonjwa tangu kabla ya operesheni hadi miezi 24 baadaye, na kazi yao ikachapishwa katika miaka ya 1980. Njia waliyoiona haikuwa ya kupanda moja kwa moja. Hali ya kujithamini iliinuka na kushuka, na bonde moja lilijitokeza miezi kadhaa baada ya operesheni, wakati ambapo jamaa na marafiki hudhani mambo yamekwisha na huacha kumuuliza mgonjwa hali yake.

Anayetafuta asichoweza kukipata

Wataalamu hutofautisha wanaotaka kutengenezwa kwa ajili yao wenyewe na wanaotaka kwa ajili ya mtu mwingine. Anayesema, "Nataka kula bila aibu," ameomba kitu ambacho upasuaji unaweza kumpa. Anayesema, "Nikipona mume wangu atarudi," ameomba kisichokuwamo katika mfupa, naye ndiye aliye katika hatari ya kujuta hata operesheni ikifanikiwa kwa kila kipimo.

Wapo pia wenye ugonjwa wa kuona kasoro kubwa usoni mahali ambapo wengine hawaoni kitu au huona dosari ndogo mno. Enrico Morselli wa Italia aliueleza mwaka 1891, na leo ni ugonjwa wa akili unaotambuliwa rasmi. Makadirio ya kawaida ni kiasi cha watu 2 kati ya 100 katika jamii. Wagonjwa hawa huenda kwa madaktari wa upasuaji kwa wingi kuliko kwa madaktari wa akili, na kisu kwa kawaida hakiwaponyi. Wasiwasi huhama kutoka kidevuni hadi puani, au humgeukia daktari mwenyewe.

Biashara ya urembo imeongeza utata. Nchini Korea Kusini upasuaji wa mataya mawili, uliobuniwa kwa wenye kasoro za kweli, uligeuka kuwa njia ya kupata uso mwembamba. Mwaka 2014 kliniki moja ya Seoul iliadhibiwa kwa kutozwa faini baada ya kuonyesha minara ya kioo iliyojazwa vipande vya mifupa ya taya vya wateja wake. Tiba nzito yenye hatari ya ganzi ya kudumu ilikuwa imegeuzwa pambo la dirishani. Ikumbukwe pia kwamba uzuri hauna kipimo kimoja: mwanya wa meno ya mbele, unaosifiwa kuanzia mwambao hadi Maziwa Makuu, katika kliniki nyingi za Ulaya huandikwa kuwa dosari ya kuzibwa.

Hali katika ukanda huu

Madaktari bingwa wa upasuaji wa kinywa, taya na uso hufunzwa katika vyuo vikuu vya Dar es Salaam, Nairobi na Kampala. Wagonjwa wao wengi hawakuzaliwa na mataya yasiyolingana. Wamevunjika katika ajali, hasa za pikipiki, au wana uvimbe wa taya uliokua kwa miaka kabla ya kufikishwa hospitali. Hawa nafsi yao huelekea upande mwingine: wanataka kurudishiwa uso waliokuwa nao, na hulinganisha kila matokeo na picha ya zamani. Mwenye kasoro ya kukua hana picha ya kurudia. Anauacha uso pekee aliowahi kuwa nao. Mazungumzo yanayomfaa mmoja hayamfai mwingine.

Katika familia nyingi huulizwa pia kama kubadilisha taya si kubadilisha maumbile ya Mungu. Wanazuoni wa Kiislamu kwa kawaida hutenganisha kuondoa dhara au kasoro na kutafuta urembo tu, na hutaja mfano wa Arfaja, sahaba aliyepoteza pua vitani akaruhusiwa na Mtume kuvaa pua ya dhahabu baada ya ile ya fedha kunuka. Ni vyema swali hilo likajibiwa kabla ya operesheni. Likiachwa, humrudia mgonjwa usiku wa uvimbe, akaona maumivu yake kuwa adhabu.

Hospitali zenye utaratibu mzuri humkutanisha mgonjwa na mwanasaikolojia au mshauri nasaha kabla ya uamuzi, kisha humkutanisha na mtu aliyekwisha kupitia tiba hiyo. Mkutano huo wa pili hauhitaji mtambo wala bajeti kubwa. Mgonjwa huuliza asiyothubutu kumuuliza daktari: alilala vipi, alikula nini, ni lini aliacha kukikwepa kioo.

Nyumbani, msaada wenye maana huwa wa kawaida. Ni kumpikia uji mwepesi wenye nguvu, kutomlazimisha kuzungumza, kutowaalika wageni kumtazama wiki ya kwanza, na kutomweka mbele ya kioo kila asubuhi kumuuliza kama ameridhika. Picha za zamani zibaki ukutani mpaka mwenyewe aseme vinginevyo. Uso ukishatulia, baada ya miezi sita hadi mwaka, apige picha mpya za pasipoti na kitambulisho kabla ya kusafiri, kwani ofisa wa mpakani naye humlinganisha na mtu wa zamani.